Chaza ndani ya jiwe

Leo nimevuka hadi Maweni, kule kisiwa cha Manda, Lamu, kutafuta mawe ya kuziba ukuta wa mama.

Fundi kapiga shoka, jiwe likapasuka. Ndani, chaza mzima! Mistari yake yote ipo, utadhani kavuliwa jana.

Mawe haya ni matumbawe yaliyokuwa hai kama miaka 125,000 iliyopita. Joto lilikuwa limeyeyusha sehemu ya barafu ya ncha za dunia, bahari ikawa juu ya ilipo leo kwa mita 6 au zaidi.

Kisha baridi. Miaka 20,000 nyuma maji yalikuwa chini mita 120 hivi. Manda ungeenda kwa miguu! (Nauli ya boti imenitoa jasho.)

"Hao twawaona kila siku," fundi kasema, wala hakugeuka.

Ninaye mfukoni. Kidole hakitoki kwenye ile mistari.

Nani mwengine ana chaza ukutani kwake?