Nusu debe la uwele

Jumamosi usiku, Chamwino

Leo nimemkuta mama shambani anapanda uwele kwenye vumbi. Mbinguni hakuna hata wingu. Anachimba kishimo kwa jembe, anadondosha punje, anafukia kwa unyayo, anasogea.

"Mama, una hakika mvua imekaribia?"

"Hakika sina, mwanangu. Ila mibuyu imeshachipua."

Ndipo nikaona debe. Alikuja na nusu ya mbegu tu, nyingine kaiacha nyumbani. Nusu hiyo ndiyo inanikosesha usingizi.

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza, William Clifford, aliandika kwamba ni kosa, siku zote na kwa mtu yeyote, kuamini jambo bila ushahidi wa kutosha. Mfano wake ni mwenye meli kuukuu anayejituliza moyo kwamba meli ni nzima, akaruhusu abiria wapande. Hata ingefika salama, anasema, hatia ingebaki palepale, maana hakuwa na haki ya kuamini vile. Ukali huo naupenda. Kila nikipita Kongwa naukumbuka. Serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga pale mwaka 1947, kwa matrekta, baada ya uchunguzi wa wiki chache tu. Kiangazi ardhi ikakauka ikawa ngumu kama saruji, mvua haikutosha, na mwaka 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Karanga walizihitaji mno, na uhitaji ukakaa mahali pa ushahidi.

Lakini mama si mwenye meli. Kwetu Ugogoni masika ni moja tu kwa mwaka, na fupi. Akisubiri mpaka tope limthibitishie, siku za unyevu zitakuwa zimempita. Mwanafalsafa Mmarekani, William James, aliliona hili mwaka 1896: yapo mambo ambayo kungoja nako ni kuamua. Mama ameamua, ila kwa kadiri ya mibuyu ilivyomwambia, yaani nusu debe.

Nimewaza pia kwamba kuamini na amana ni neno la shina moja. Mbegu ile ni amana ya wajukuu wake. Hawezi kuimwaga yote ardhini kwa sababu tu moyo wake unatamani mvua.

Nilimsaidia mistari mitatu, miguu ikawa myekundu mpaka magotini. Kesho tunamalizia upande wa korongoni. Nusu nyingine iko jikoni, imefunikwa kwa ungo.