Ngozi Iliyobaki Vidoleni

Agosti 2009, nikiwa mwanafunzi wa biolojia, nilikaa siku nane kwenye korongo moja wilayani Magu, ambalo wakati wa mvua hupeleka maji Ghuba ya Speke, lakini kiangazi hubaki mchanga mtupu katikati ya mawe ya matale.

Kila jioni tulitega visanduku 40 vya bati, tukitia ndani siagi ya karanga iliyokandwa kwa pumba za mahindi, pamoja na nyasi kavu za kumkinga mnyama na baridi ya usiku. Mwalimu wetu alitaka vikaguliwe kabla jua halijapanda, kwa kuwa bati likishika joto huua upesi, na siafu nao hawamsazi mnyama aliyefungiwa. Kwa hiyo tulishuka korongoni alfajiri, nyayo za usiku zikiwa bado mbichi mchangani. Siku moja tulikuta kanu amekizunguka kisanduku mara mbili, kisha akaenda zake.

Wengi tuliowanasa walikuwa panya shamba, ambao jike lao huweza kuwa na chuchu 24 na kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo. Nilikuwa nimezoea kuwashika kwa ngozi ya shingo. Asubuhi ya tatu alinaswa panya mwenye manyoya magumu kama miiba, nami nikamshika vivyo hivyo. Alijipindua mara moja tu, akaponyoka na kuingia kwenye ufa wa jiwe, huku kipande cha ngozi ya mgongo wake, chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kikibaki vidoleni mwangu.

“Mwalimu, nimemchuna,” nilisema, mikono ikitetemeka.

“Huyo hashikwi hivyo, kijana wangu. Ngozi yake hukatika ili yeye aokoke. Nilipaswa kukwambia jana.”

Mwaka 2012 watafiti waliochunguza panya wa jamii hiyo nchini Kenya walieleza kwamba ngozi yao iliyochanika huota upya pamoja na manyoya yake. Mimi sikulijua hilo, na kwa siku tano sikula vizuri.

Asubuhi ya mwisho alinaswa tena karibu na ufa uleule. Donda lilikuwa limekauka na kusinyaa. Nilimwacha ateremke mwenyewe kwenye mfuko wa kitambaa, nikautundika kwenye mizani, kisha nikaufungua mdomoni mwa ufa, bila kumgusa.