Siku Moja Maishani Mwangu: Kazi ya Kujua Hadithi Ikatwe Wapi

Saa 11:20 alfajiri

Naamka kabla ya kengele. Usiku waandishi wawili wametuma miswada ya sehemu ya 18 na ya 19, na ni lazima niisome kabla simu hazijaanza. Nasoma hapo hapo kitandani, kalamu mkononi.

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye tamthilia ya televisheni huniuliza kama naigiza. Nikisema hapana, huuliza kama ndimi ninayeandika. Nikisema si hasa, wananyamaza, na kimya hicho ndicho kilichonifanya niandike haya. Mimi ni mhariri wa hadithi. Mwandishi huandika wahusika waseme nini, mwongozaji huamua waonekane vipi, na mimi hushika kamba nzima ya msimu: nani anajua nini, alikijua lini, mtazamaji alikijua kabla yake au baada yake, na kila kipande kikome wapi. Nikiifanya vizuri, haionekani. Nikiteleza, hata mtoto ataona: "Mbona huyu alishaambiwa wiki iliyopita, leo anashangaa nini?"

Saa 2:15 asubuhi

Chumba cha waandishi. Tuko watano, na ukuta mzima ni ubao wenye safu 26, moja kwa kila sehemu ya msimu. Kadi za buluu ni za kisa kikuu: fundi saa aliyerudi nyumbani baada ya miaka 12 na hataki kusema alikokuwa. Za njano ni za binti yake. Za kijani ni za mdogo wake fundi na madeni yake. Majina yao siyataji kwa sababu msimu bado unaendelea.

Nyuzi hizo tatu tunazisuka kama ukili: mmoja ukipita juu, mwingine unapita chini. Zikipanda zote kwa pamoja, mtazamaji anachoka. Zikilala zote, anabadilisha stesheni. Asubuhi hii ukili umekaa vizuri, nami nausimamia na kikombe changu mkononi, nimeridhika kabisa.

Mwandishi mgeni, mwenye wiki mbili nasi, anauliza kwa nini tusimalize kisa kila wiki ili mtu yeyote aweze kuingia wakati wowote. Swali zuri, na nalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo lenye msingi wa kazi yote. Vipindi vya namna hiyo vipo na vina ufundi wake. Mhusika hurudi alipokuwa, na wiki inayofuata anapewa mkasa mpya. Katika Columbo, tamthilia ya upelelezi ya Marekani, walithubutu hata kumwonyesha muuaji mwanzoni, kwa hiyo mtazamaji hakukaa kuuliza "ni nani?" bali "huyu mpelelezi atamnasaje?" Swali likibadilika, umbo zima la saa hiyo linabadilika. Sisi tumechagua kisa kinachoendelea, na hapo mhusika hawezi kurudi alipokuwa. Kila jambo linaacha kovu, na makovu hayo nayatunza mimi.

Muda nao tunaunyoosha na kuukunja. Tamthilia ya M*A*S*H ilisimulia vita vya Korea vilivyodumu miaka 3 kwa misimu 11, kuanzia 1972 hadi 1983. Tamthilia ya 24, iliyoanza 2001, ilichukua siku moja ikaigawa katika sehemu 24, saa moja kila sehemu. Zote mbili zilishika watu. Kijana anaandika kwenye daftari lake. Nafurahi anapoandika.

Saa 4:10 asubuhi

Simu ya mwakilishi wa kituo.

"Habari za kazi, dada?"

"Nzuri, kaka. Za huko?"

"Huku salama. Kuna jambo dogo tu."

Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, sijapata kusikia jambo dogo likitangulizwa kwa maneno hayo. Anasema kuanzia sehemu ya 18 ratiba ya matangazo inabadilika. Tulikuwa na mapumziko matatu, sasa yatakuwa manne. Na kwa kuwa saa haiongezeki, kipindi chetu kitatoka dakika 46 hadi 43.

Namwambia sehemu ya 18 inaanza kupigwa picha baada ya siku nne.

"Naelewa, dada. Lakini si mtaongeza tu kapumziko kamoja pale katikati? Mhariri wa picha anaweza kukata popote."

Popote. Nasimama na simu sikioni, natoka nje ya chumba ili waandishi wasinisikie sauti ikipanda. Namweleza kwamba hatuandiki mtiririko mmoja halafu tukaukata kama kamba. Tunaandika vipande, na kila kipande kina mwanzo wake, kinapanda, na kinaishia mahali ambapo mtazamaji ameachwa roho juu. Vilikuwa vipande vinne, kila kimoja wastani wa dakika 11 na nusu. Sasa anataka vitano, na kila kimoja hakifiki dakika 9. Hilo si pumziko moja la ziada. Ni ngazi ya vidato vinne unayoambiwa uifanye ya vitano bila kuongeza urefu wa ukuta: inabidi ung'oe vyote.

"Mimi nadhani mtazamaji hatagundua," anasema.

Najibu kwamba mtazamaji hatagundua kwa maneno. Atahisi tu kwamba leo kipindi hakina ladha, na matangazo yakianza atasimama akaende zake. Kipindi kikikatwa mahali pake, anabaki kwenye kiti. Yaani hata hao wanaolipia matangazo, kazi yangu inawafaa wao kabla ya kunifaa mimi.

Yeye anarudia yale yale kwa mpangilio mwingine. Mimi nami narudia. Inafika mahali anasema waandishi mnapenda kufanya mambo magumu, na hapo inabidi nivute pumzi. Hajui kwamba umbo hili tunalolifanyia kazi limezaliwa na matangazo yenyewe. Hadithi za mfululizo za redioni nchini Marekani katika miaka ya 1930 zilidhaminiwa na watengenezaji wa sabuni, na jina la sabuni limezing'ang'ania mpaka leo: kwa Kiingereza huitwa soap opera. Mojawapo, Guiding Light, ilianza redioni 1937, ikahamia televisheni 1952, ikaendelea mpaka 2009. Waliokuwa wakiiandika walijifunza kila siku kukatiza pale ambapo msikilizaji anataka neno moja zaidi. Mimi siyachukii mapumziko, nimejifunza kuyaegemea. Ninachokikataa ni kuambiwa hayana uzito, na anayeniambia ndiye anayeyauza.

Dakika 50 zimepita. Hakuna kilichobadilika: mapumziko manne, dakika 43. "Asante kwa kunielewa, dada," anasema. Namwambia haya, kaka, tutazungumza.

Saa 5:05

Narudi ndani na kuwaeleza wenzangu. Hakuna anayesema kitu. Tunazing'oa kadi zote za safu ya 18 na kuzitandaza mezani.

Mchana

Kwanza dakika tatu zitoke. Mwandishi wa sehemu hii ananitazama, najua anachoogopa. Katika kipande cha pili ameandika onyesho la dakika mbili lisilo na neno hata moja: fundi anafungua saa iliyosimama, anaipuliza, anaikaza parafujo, anaisikiliza sikioni. Hakuna kinachotokea, na yeyote anayetafuta dakika angeanzia hapo. Namwambia hilo haliguswi. Sehemu 17 tumemwona mtu huyu akikwepa maswali, na hapa ndipo tunamwona kwa mara ya kwanza akiwa hana woga. Tukilitoa, kila atakachofanya hadi mwisho wa msimu hakitakuwa na mizizi.

Basi tunatafuta kwingine. Tunazipata hodi. Mtu anafika, anabisha, anakaribishwa, anaketi, anaulizwa habari za nyumbani. Katika maisha hayo ni mambo ya lazima, kwenye kioo yanakula muda. Kuna milango minne katika mswada huu, na kila mlango tunaukata ili tuingie mazungumzo yakiwa yameshapamba moto. Dakika 1 na sekunde 40. Halafu kuna kisengere nyuma cha bandarini ambacho mtazamaji alishakiona sehemu ya 9. Mwandishi alikiweka kumkumbusha. Nakitoa, kwa sababu uso wa mwigizaji wetu unatosha kukumbusha. Dakika 1 na sekunde 20. Jumla tatu kamili.

Hiyo ndiyo ilikuwa nusu rahisi.

Pumziko jipya linaangukia katikati ya kipande cha tatu cha zamani, ambapo binti anatafuta springi kwenye karakana ya baba yake. Kipande hicho kiliandikwa kiende taratibu hadi mwisho wake, anapoikuta bahasha na kuitambua hati ya mkono, na mama yake anaingia papo hapo. Dakika tano kabla ya hapo hakuna chochote cha kumweka mtu roho juu. Ni binti na droo.

Tunajaribu simu iite. Lakini simu inayoita ili matangazo yapite, ambayo baadaye ikapokelewa na kukutwa haina maana, ni kumdanganya mtu, na mtazamaji aliyedanganywa mara mbili hakuamini ya tatu. Tunajaribu kumleta mdogo wake fundi akikimbizwa na wadai. Ukili unapinda: uzi wa kijani umepanda juu ya wa njano wiki ambayo si yake. Tunajaribu binti aikute bahasha mapema, na hapo kipande kinachofuata kinabaki kitupu, hakina cha kusubiri.

Mtu mmoja anataja tamthilia ya Dallas ya mwaka 1980, mhusika alipopigwa risasi mwezi Machi na watu wakangoja hadi Novemba kujua ni nani aliyefyatua. Anapendekeza tufyatue bunduki. Wengine wanaitikia kwa uchovu. Nakataa, ila nakiri kwamba kwa dakika moja nilishawishika, maana bunduki ingetupeleka nyumbani mapema.

Katikati ya hayo naitwa chumba cha uhariri kutazama sehemu ya 16. Iko sawa, sekunde nne tu za kupunguza. Narudi.

Sijui ni saa ngapi, jua limeshuka

Wawili wameshaondoka, wana watoto. Kijana mgeni amebaki. Mgongo unaniuma na kadi zimeanza kufanana rangi. Namwomba anisomee onyesho la droo kwa sauti, polepole, bila kuigiza.

Anasoma: binti anavuta droo. Anasogeza boksi la parafujo. Anasogeza bahasha. Anapata springi...

"Rudia hapo," nasema.

Anasogeza bahasha.

Asiitambue. Anaisogeza tu, kama takataka yoyote, anaendelea kutafuta springi yake. Lakini kamera haiondoki naye. Inabaki juu ya bahasha, na sisi tunaisoma ile hati. Na kama katika kipande cha pili tulimwona mama akiandika majina ya wateja kwenye vikaratasi vinavyofungwa kwenye saa, kwa ile M yake yenye kitanzi, basi mtazamaji anajua: mama huyu alikuwa akimwandikia mumewe miaka yote 12. Alijua aliko. Binti hajui kwamba ameshaishika siri mkononi.

Matangazo.

Hakuna bunduki wala kelele. Na mama atakapoingia karakana dakika chache baadaye na kuuliza, "Unatafuta nini, mwanangu?", swali hilo la kila siku litamtetemesha mtazamaji nyumbani, kwa sababu yeye anajua na binti hajui. Hicho ndicho kinaya kinachofanya kazi. Nilikuwa nimekitafuta kwenye matukio mchana kutwa, kumbe kilikuwa kwenye nani amejua kwanza.

Inabaki hofu moja. Vikaratasi vya saa vilionekana sehemu ya 4, na bahasha ilionekana kwa mbali sehemu ya 11. Kama hati hazilingani, yote haya yameanguka. Nampigia dada anayesimamia mwendelezo, anayepiga picha kila kitu katika kila onyesho, hata kiwango cha maji kwenye glasi. Ameshafika nyumbani. Anasema nisubiri.

Nasubiri dakika 25. Nafuta ubao, naandika tena, nakaa.

Picha mbili zinaingia. Kikaratasi na bahasha. M yenye kitanzi, na hapa pia M yenye kitanzi. Fundi wa vifaa aliviandika vyote viwili kwa mkono wake mwenyewe, akaweka kitanzi kile kile bila mtu kumwambia. Nampigia kumshukuru. Haelewi namshukuru kwa nini, nami namweleza mwanzo hadi mwisho, naye anacheka kwa furaha.

Saa 3:40 usiku

Mwandishi ametuma kurasa mpya. Vipande vitano, dakika 43 kwa makadirio ya ukurasa mmoja dakika moja. Onyesho la saa na ukimya wake lipo, dakika mbili nzima. Natuma kwa kituo na kwa mwongozaji.

Kijana ananisaidia kurudisha kadi kwenye safu ya 18. Kisha tunachukua kadi nyeupe, zisizo na neno, na kubandika moja moja katikati ya kila safu kuanzia 19 hadi 26, mahali pumziko la nne litakapoangukia. Ziko nane. Anaitazama ile ya 19 kwa muda.

"Hapa," anasema, "mama anajua kwamba sisi tunajua?"

Navua mkoba begani, navuta kiti.