Jinsi nilivyoidhibiti aleji ya pua majani yanapoanza kupukutika

Jamani, wale wenzangu wa huku nchi za baridi ambao Agosti ikielekea kuisha tu chafya zinaanza, hii inawahusu. Mimi ilikuwa nikiamka napiga chafya mfululizo, kamasi jepesi linatiririka kama maji, macho yanawasha na hadi kaakaa linawasha mpaka nalikuna kwa ulimi. Watu wanakwambia ni mafua tu hayo, lakini mafua gani yanakaa wiki sita, hayana homa halafu yanawasha hivyo?

Kilichonisaidia kwanza ni kuandika kwenye simu kila jioni nilipita wapi, upepo ulikuwaje na pua ilikuwaje, ndo nikaanza kuona mpangilio. Siku kavu zenye upepo nilikuwa hoi, mvua ikinyesha vizuri napata nafuu. Hiyo ni chavua, ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo, na kipindi hicho mkosaji mkubwa ni gugu linaloitwa ambrosia, linaota kando ya barabara na kwenye viwanja vilivyotelekezwa, vimaua vyake vya kijani hata huvioni lakini mmea mmoja unaweza kumwaga chavua mpaka bilioni moja kwa msimu na upepo unaibeba mamia ya kilomita, kwa hiyo kung'oa ya uani kwako peke yake haitoshi. Kilele ni Septemba, mpaka baridi kali iue mmea. Wengi wanayasingizia yale maua ya njano yanayochanua wakati huohuo kisa yanaonekana, wakati chavua yake ni nzito, inabebwa na nyuki.

Ila kuna siku za unyevu na bado nilikuwa naumwa, na zote nilikuwa nimefagia majani. Ukiinua lile tabaka la chini, lililolowa na kuwa jeusi, ule uvundo unaokupiga ni ukungu, na vijimbegu vyake vinaruka moja kwa moja puani. Sasa hivi sigusi bila barakoa. Na siku ya kwanza ya kuwasha hita, vumbi lililolala humo linapulizwa chumba kizima, safisha kwanza.

Kwenye dawa, kilichobadilisha mambo ni ile ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kupuliza puani, daktari aliniambia nianze wiki mbili kabla ya msimu, nisingoje kuzidiwa. Elekeza ncha upande wa sikio, sio kwenye ukuta wa katikati, na usivute kwa nguvu maana itaishia kooni. Zile za kuzibua pua haraka usizidishe siku chache, ukizizoea pua inaziba zaidi. Jioni naoga na kuosha nywele kabla ya kupanda kitandani, nasafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na nguo sianiki nje.

Ukisikia kifua kinabana au kinapiga filimbi nenda hospitali mapema, aleji hii inaamsha pumu.