Miti Isiyo na Jini wa Kuitetea

Mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi unapolegea nayo masika hayajaingia, mtu wa Mombasa hachagui njia kwa ufupi wake bali kwa vivuli vyake. Njia yangu ya kutoka Ganjoni hadi Marikiti ilipita chini ya safu ya miarobaini iliyopandwa kabla sijazaliwa, na katikati ya safu hiyo palikuwa na mkungu mkubwa uliotandaza matawi yake ghorofa juu ya ghorofa. Miarobaini yote sasa imekatwa ili barabara ipanuliwe na kando yake patandikwe kabro, yale matofali ya saruji ya njia ya miguu. Umesalia mkungu peke yake. Sina ugomvi na kabro. Yeyote aliyewahi kuupita mtaa ule wakati wa mvua, viatu mkononi, anajua kwamba mtaro na njia ya miguu vilihitajika. Ninachojiuliza ni kwa nini mchoro uliobandikwa penye mradi ulionyesha nguzo za umeme na mabomba ya maji, lakini haukuonyesha mti hata mmoja.

Chini ya miti ile palikuwa na uchumi mzima. Palikuwa na fundi wa viatu, mama wa viazi karai, vijana wa tuktuk, na mzee wa kahawa ambaye sote tunamwita Ami. Fundi amejitafutia mwavuli mkuukuu ambao upepo huugeuza ndani nje kila siku. Mama wa viazi amehama, wala sijui amehamia wapi. Ami yeye hutoka na dele lake baada ya swala ya alasiri tu, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna anayekubali kuketi juani. Nilipomuuliza hali ya biashara alinijibu kwa upole, “Mwanangu, kahawa hata nyumbani kwako ipo. Watu walikuwa wakija kukaa.” Hasara ya namna hii haiandikwi katika makadirio ya mradi wowote, kwa sababu kivuli hakina risiti.

Mti hupoza mji kwa njia mbili: huzuia jua lisifike chini, na hutoa mvuke majanini, mvuke ambao huondoka na sehemu ya joto. Katika miji ya bara yenye hewa kavu njia hiyo ya pili ina nguvu sana. Kwetu pwani hewa yenyewe imejaa unyevu, kwa hiyo jasho la mti, kama letu wenyewe, halikauki kwa urahisi, na sehemu kubwa ya faida hubaki kuwa kivuli chenyewe. Faida hiyo si ndogo, kwani lami au ukuta ulio kivulini unaweza kupungua joto kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi ukilinganishwa na ule unaopigwa na jua kali la mchana. Lakini kivuli hupimwa kwa upana, na mche wenye matawi ya upana wa sinia haumsitiri hata paka.

Ndiyo maana hesabu ya miche hainitulizi. Serikali ilijiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili watu wapande miti. Ni jambo jema, nami nilipanda wangu. Hata hivyo, lugha ya kampeni hizo imetuzoesha kudhani kwamba mti mmoja uliokatwa na mti mmoja uliopandwa ni sawa kwa sawa, ilhali tofauti kati yao ni miaka, na miaka hainunuliwi kwenye kitalu. Hapa hapa kwetu, mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobaki jiwe tupu la matumbawe. Mti wa mvinje ulistahimili, na majani yake membamba yaliyoanguka yakageuzwa kuwa udongo na majongoo walioletwa kwa kazi hiyo. Leo pale ni msitu. Wengi huutaja msitu huo kuthibitisha kwamba kila kilichoharibika kinaweza kurudishwa. Mimi nikitembea ndani yake huwaza zaidi muda uliohitajika.

Tena msumeno si adui pekee. Mizizi mingi ya mti hukaa karibu na uso wa ardhi, na katika kisiwa hiki kilichoketi juu ya mwamba wa matumbawe haina kina kirefu cha kukimbilia. Handaki la kupitishia nyaya likikata upande mmoja wa mizizi, au saruji ikimwagwa hadi kwenye shina, mti hauanguki siku hiyo. Hukonda kwa miaka kadhaa, matawi ya juu yakikauka kwanza, hata siku unapoangukia gari watu husema ulikuwa mzee.

Ukiangalia miti mikubwa iliyosalimika utaona kwamba kila mmoja una mlinzi wa namna fulani. Mibuyu ya bustani ya Mama Ngina, hapa ufukweni Mombasa, imelindwa kwa vizazi na unene wake, na pia, tusifichane, na hofu ya majini, maana fundi wengi hawataki kuwa wa kwanza kuupiga mbuyu shoka. Kule Nairobi, mwaka 2020, mti mkubwa wa mugumo wa mtaa wa Westlands uliokuwa katika njia ya barabara ya juu uliokolewa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Katika Mji wa Kale, milango ya nakshi na roshani zina ofisi ya uhifadhi ya kuzitazama. Mwarobaini wa mtaani hauna jini wala Rais, na kwa kuwa huota upesi popote kunguru au popo alipodondosha mbegu, huhesabiwa kuwa kitu cha bure. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyatunza mazingira. Kwetu ushiriki ulikuwa kuamka na kukuta magogo.

Kwa hiyo tumeandika barua, majirani na wenye vibanda, kuhusu ule mkungu uliobaki. Hatukuomba mengi: kwamba kabro isifike shinani, bali iachwe duara ya udongo wazi inayoweza kunywa mvua, kwamba mtaro upindishwe kidogo usipite juu ya mizizi, na kwamba siku ikiamuliwa ukatwe, tangazo libandikwe mapema ili tupate nafasi ya kupinga au kukubali. Barua ilipokelewa na kupigwa muhuri, na karani alituambia kwa adabu kwamba suala la miti si la dawati lake. Jibu halijaja. Wakati huo huo kabro imeshalikaribia shina, na jana vijana wa tuktuk waling'oa safu mbili za mwanzo na kuzipanga vizuri kando ya barabara ili mkandarasi asiseme zimeibwa.