Albamu zangu za jazz na roki ya indie, na sikio lililokulia kwenye dansi

Mimi wimbo huwa naanza kuusikiliza vizuri pale mwimbaji anaponyamaza. Sio kwamba sipendi waimbaji, hapana, ila kwetu redio ilikuwa inapiga dansi muda wote, Nuta Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, halafu na Wakongo wao Franco na wenzake, na kwenye zile nyimbo mambo ya mapenzi na mawaidha yanaimbwa mwanzoni huko taratibuuu, ikifika katikati gitaa la solo linachomoka, besi inabadilika, drams zinapandisha, ndo chemko lenyewe hilo, mpaka mzee aliyesema leo amechoka anasimama. Kwa hiyo mpaka leo ukinipa wimbo wa dakika tatu unaoishia kwenye kiitikio naona umeninyima nusu.

Nasema hivi kwa sababu naulizwa sana imekuwaje mtu wa Mbagala asikilize jazz ya Wamarekani na hizi bendi za indie, yaani za lebo ndogo zinazojitegemea, za vijana wa kizungu wenye miwani. Jibu ni hilohilo, huko nako kuna watu wanaoipenda ile sehemu ya pili ya wimbo. Naandika hapa albamu nilizozizoea, sio za mwaka huu na wala sio uchambuzi, ni ninavyosikia mimi tu. Na kabla hamjanivamia, ndio, najua bendi zetu zilijiita Jazz bila kupiga jazz ya New York, tuliache hilo, mjadala wake hauishagi.

Nianze na Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya 1959 ili tumalizane nayo, maana ukisema tu unataka kuanza jazz kila mtu anakutupia hiyo. Walirekodi siku mbili tu, 2 Machi na 22 Aprili, na kikosi chenyewe kinatisha: Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, Bill Evans piano, Paul Chambers besi, Jimmy Cobb drams, na Wynton Kelly akaja kukalia piano wimbo mmoja. Ni nzuri, sibishi. Ila imekaa kipole mno kwangu, ni ya Jumapili asubuhi chai bado ipo mezani. Ninachokipenda zaidi ni kisa chake, ile siku ya kwanza mashine ya kurekodi ilikuwa inazunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ukiipiga sahani kwa mwendo wa kawaida nyimbo tatu za mwanzo zinapanda juu kidogo ya zilivyopigwa, na ikakaa hivyo mpaka toleo la 1992 ndo wakarekebisha. Yaani miaka zaidi ya 30 watu wanakaa vyumbani na vyombo vyao wanakariri solo za Miles huku zimepanda kidogo, na dunia nzima inasema hakuna albamu iliyokamilika kama hii hahaha.

Yangu mimi ni A Love Supreme ya John Coltrane. Ilirekodiwa New Jersey tarehe 9 Desemba 1964, siku ya Uhuru wetu kabisa, huku Dar watu wanaadhimisha mwaka wa tatu kule wanaume wanne wameingia studio ya Rudy Van Gelder wakatoka na hii kitu. Dakika 33 hivi, vipande vinne. Jimmy Garrison anaanzisha besi ya noti nne tu, na Coltrane anazichukua hizohizo nne anazizungusha kwenye kila ufunguo, juu, chini, pembeni, mpaka unajiuliza hivi huyu anatafuta nini, halafu anaweka saksafoni chini na sauti ya mtu inaanza kuzitamka. Na Elvin Jones kule nyuma kwenye drams hapigi pigo moja, anapiga matatu manne kwa wakati mmoja, ukijaribu kufuatisha kwa guu utaumia.

Ila kipande cha nne ndo kinanimaliza. Coltrane aliandika sala yake kwa maneno, imechapishwa kwenye kava, na kwenye kipande cha mwisho anaisoma yote kwa saksafoni, silabi kwa silabi, bila kufungua mdomo kuimba. Ukishaijua hiyo siri chukua yale maneno ufuatishe huku unasikiliza, unasikia kabisa pale anapomshukuru Mungu, pale anapovuta pumzi, pale sentensi inaposhuka. Mtu aliyekulia jirani na msikiti au kanisa hahitaji kufundishwa hapo. Kwa hiyo hata hapa mwimbaji kanyamaza lakini maneno yameendelea, na hilo dansi letu halijawahi kunifanyia.

Sasa tuje kwa mpiga piano Herbie Hancock. Albamu inaitwa Mwandishi, ilirekodiwa San Francisco 31 Desemba 1970 ikatoka 1971, na Mwandishi ndo Herbie mwenyewe. Kipindi kile Wamarekani weusi wengi walikuwa wanajifunza Kiswahili na kujipa majina yetu, na aliyewagawia hawa majina ni mpiga ngoma James Mtume. Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Billy Hart wa drams ni Jabali, Bennie Maupin ni Mwile, Julian Priester wa tromboni akapewa Pepo Mtoto (jina la kunyamazishia watoto usiku hilo), na Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na huyu hawakumkosea maana alikuwa daktari kweli, kasomea chuo cha Howard. Albamu nzima nyimbo tatu tu. Wa kwanza ni kwa ajili ya mwanaharakati Angela Davis ambaye wakati ule alikuwa jela, unakwenda kwa mapigo 15, besi na piano ya umeme zinarudia jambo lilelile bila huruma, na ukiusikiliza kwenye daladala foleni ya Mbagala Rangi Tatu utashangaa umefika. Wa mwisho ni zaidi ya dakika 20 na kuna mahali katikati unapotea kabisa, hakuna mdundo, tarumbeta linalia peke yake mbali huko, mimi hapo nakuwa sipo. Haikuuza. Bendi ikavunjika 1973, mwaka uleule Herbie akatoa Head Hunters yenye fanki ya kuchezeka ikauza kinoma, nayo kali, ila mimi nimebaki na wale wa majina.

Na ukitaka Kiswahili chenyewe kisikike, tafuta Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston. Novemba 1960, New York, bendi kubwa imepangwa na mwanamama Melba Liston, maneno ya mshairi Langston Hughes, na anayesoma kwa Kiswahili ni Mtanganyika mwenzetu Tuntemeke Sanga, ndio huyohuyo ambaye baadae tulimjua kwenye siasa. Makaburu wakaipiga marufuku Afrika Kusini 1964. Sauti yake ikiingia nywele zinasimama, halafu ngoma za Olatunji na Candido zinaanza kusogea nyuma yake, na bado tulikuwa hatujapata uhuru wakati huo!! Watoto wetu wangesikilizishwa hii shuleni.

Kutoka hapo kwenda kwenye roki ya indie mimi nilipitia Chicago, na mlango ni Jeff Parker. Huyu ni mpiga gitaa wa jazz haswa, ila aliingia kwenye bendi inaitwa Tortoise, na albamu yao ya TNT ya 1998 ndo naipa namba moja upande huu. Hakuna mwimbaji kabisa, yaani wamekata ile nusu ya kwanza wakaanzia palepale ninapopataka mimi. Inaanza na drams kama mtu anajaribu vyombo tu, gitaa linaingia na sentensi moja fupi, linairudia, tarumbeta linafuata, na hakuna anayekimbilia kuwa mkubwa. Kwenye dansi mpiga solo ni mfalme, hapa hakuna mfalme, kila mtu ni rizimu. Wengine wanasema ni muziki wa lifti za hotelini, sawa, na mimi nimepanda lifti nyingi Posta hazina muziki wowote.

Parker huyohuyo akaja kutoa mbili zake, The New Breed ya 2016 ambayo ni ya baba yake, jina ni la duka la nguo alilokuwa nalo mzee, na Suite for Max Brown ya 2020 kwa mama yake, na kava ni picha ya mama akiwa binti. Mtoto wake wa kike anaimba kwenye zote. Biti zake zinayumba kidogo kama zinataka kudondoka ila hazidondoki. Zisikilize kwa hedifoni, kwenye spika ya simu besi yote inapotea.

Radiohead, bendi ya Uingereza, wajuaji watasema sio indie kwa sababu walikuwa na lebo kubwa, haya. Nawaleta kwa sababu ya Kid A ya 2000, kuna wimbo una besi moja nene isiyobadilika mwanzo mwisho, halafu yanaingia matarumbeta na masaksafoni yanagombana, na wamesema wenyewe hapo walikuwa wanamuwaza Charles Mingus, mpiga besi wa jazz. Wangu hasa lakini ni ule wa kufungia Amnesiac ya 2001, walimuomba mzee Humphrey Lyttelton, mpiga tarumbeta wa jazz wa Uingereza, karibu miaka 80 wakati huo, akaja na bendi yake, wakapiga kama wako msibani New Orleans. Thom Yorke, mwimbaji wao, analalamika lakini yule mzee analalamika vizuri zaidi.

Yo La Tengo sasa. Mume na mke na rafiki yao wa besi, wanatokea Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York. Albamu ya 2000 yenye jina refu kuliko barabara ya Kilwa, And Then Nothing Turned Itself Inside-Out, inafungwa na wimbo wa dakika 17. Wanaimba kidogo kwa kunong'ona, wananyamaza, na kuanzia hapo wanakuachia gitaa na drams mpaka mwisho. Ni chemko, ila limewekwa moto mdogo. Hawa wanampenda sana Sun Ra, mpiga piano wa jazz, 2002 walitoa sahani nzima ya wimbo wake mmoja kwa namna nne tofauti, mojawapo na watoto wanaitikia, na maneno yenyewe sio ya watoto hata kidogo.

Vampire Weekend nitawapitia haraka. Albamu ya kwanza, 2008, vijana wa chuo cha Columbia, na kuna wimbo umewekwa hadi kwassa kwassa, ule mtindo wa Wakongo, kwenye jina. Gitaa ukilisikia unamkumbuka Kanda Bongo Man palepale. Tamu, sikatai, ila ni sebene lililopigwa pasi, hakuna hata kunjo, na linapoanza kunoga wimbo umeisha. Binamu yangu anawapenda sana na tumeshabishana tukachoka.

Waliofanya kitu hicho sawasawa ni Extra Golden, na nashangaa watu wa huku hawawajui. Ian Eagleson alikuja Kenya kwa utafiti wake wa udaktari kuhusu benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, akakutana na Otieno Jagwasi, akamleta na mwenzake Alex Minoff ambaye walikuwa na bendi moja Marekani, wakarekodi Nairobi 2004 kwa kompyuta ya mapajani ndani ya klabu. Ikatoka 2006, Ok-Oyot System, kupitia Thrill Jockey, lebo ileile iliyotoa TNT ya Tortoise! Nilipoona hilo nilicheka peke yangu. Jagwasi hakuiona ikitoka, alifariki 2005. Sauti yake humo ni ya mtu aliyechoka lakini hana haraka, na magitaa mawili, la Kijaluo linalochonga noti moja moja na la kizungu lenye vumbi la roki, hakuna linalomtembelea mwenzake, yote yako nyumbani.

Ya pili ni Hera Ma Nono ya 2007, na humo kuna wimbo unaitwa Obama. Walialikwa tamasha Chicago 2006, viza za Wakenya zikawa shida, ofisi ya seneta Obama ikasaidia, basi wakamfanyia kama benga inavyomfanyia mfadhili yeyote, wakamtaja kwa jina na kumsifia kwa raha zote, wakati hata hilo la yeye kugombea urais watu walikuwa bado hawajaliamini. Jamaa yangu wa Kisumu aliponisikilizisha alikuwa ananitafsiria pale mwanzo, magitaa yalipobaki peke yao akaacha kutafsiri, na sikumuuliza tena. Kuna ya tatu ya 2009, Thank You Very Quickly, ilitoka baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya na inakwenda kasi kuliko zote, ila mimi narudi hii ya pili. Bando likiwa dogo shusha hiyo kwanza, uipige kwenye spika kubwa, jirani atavumilia.