Kutoka Chantilly hadi Afton, nikizifuata ndege za Pitts

Shemeji yangu anayeishi Virginia hakunielewa. Mgeni katoka Morogoro, kafika Washington, badala ya kuomba apelekwe kuiona Ikulu ya Marekani anataka makumbusho ya ndege ya Chantilly, akatazame ndege ya sarakasi fupi kuliko Land Cruiser. Alinipeleka hivyo hivyo, akinung'unika kwa ada ya maegesho. Kuingia kwenyewe ni bure.

Makumbusho yale ni tawi la Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa la Marekani, yako kando ya uwanja wa ndege wa Dulles, na ndani yake mna Concorde na chombo cha anga Discovery. Watu wanaviendea hivyo moja kwa moja. Mimi nilisimama karibu na mlango, shingo juu, kwa sababu Little Stinker, ndege niliyoifuata, imening'inizwa kichwa chini magurudumu juu, na ubavuni imechorwa skanki, yule mnyama mwenye harufu mbaya. Upana wa mabawa yake ni mita tano na kidogo tu. Injini yake ilikuwa na nguvu farasi 85.

Mbunifu wake, Curtis Pitts, alirusha ndege yake ya kwanza ya aina hii Florida katikati ya miaka ya 1940. Wakati ule marubani wa sarakasi walizoea ndege kubwa na nzito, zenye mabawa marefu. Yeye alikwenda kinyume: mabawa mafupi, mawili juu na chini, na mwili mwepesi wa mabomba ya chuma uliovikwa kitambaa. Bawa fupi hubingirika upesi, na ndege nyepesi haihitaji injini kubwa ili ipande. Little Stinker ilikuwa ya pili kuundwa. Betty Skelton aliinunua mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 22, akatwaa nayo ubingwa wa wanawake mwaka 1949 na 1950. Maonyesho yake mashuhuri yalikuwa kuikata kamba iliyotandazwa mita tatu tu juu ya ardhi, yeye akiwa kichwa chini. Mashirika ya ndege ya enzi hiyo hayakuwa yakiajiri marubani wa kike.

"Sasa hii imebadilika nini baadaye?" shemeji akaniuliza. Alikuwa ameanza kunogewa, ingawa hakukubali.

Kilichobadilika zaidi ni bawa. La zamani lilikuwa na tumbo la bapa na mgongo wa mviringo, kwa hiyo ndege ikigeuzwa kichwa chini inajikokota, rubani analazimika kuibana ili isizame. Kwenye S-1S, toleo la baadaye, Pitts aliupa mgongo na tumbo mviringo ulio sawa. Hapo bawa halijali tena upande upi uko juu. Akaongeza vibawa vya kubingirishia vikawa vinne badala ya viwili, na injini ya nguvu farasi 180. Mwaka 1972, huko Salon-de-Provence, Ufaransa, Charlie Hillard alikuwa bingwa wa dunia kwa wanaume na Mary Gaffaney kwa wanawake, wote wawili wakirusha Pitts.

Humo humo Chantilly ipo pia Laser 200 ya Leo Loudenslager, yenye bawa moja, aliyoshindia ubingwa wa dunia mwaka 1980 kule Oshkosh. Tangu hapo bawa moja ndilo linalotawala mashindano makubwa. Mimi naona halina uzuri wa yale mawili, lakini waamuzi hawatoi alama za uzuri wa ndege.

Siku chache baadaye nilikuwa jimbo la Wyoming peke yangu, nikielekea Afton, mji zilikoundwa Pitts za viti viwili. Kutoka Jackson barabara inafuata korongo la mto Snake, inapita Alpine, kisha inafunguka kwenye bonde la Star Valley lenye ng'ombe wengi kuliko watu. Afton uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya mji, juu ya barabara kuu, limejengwa tao la pembe za elk, kulungu wakubwa wa huko. Mji mdogo namna hii kuunda ndege? Lakini ukoo wa Call ulikuwa ukiunda ndege zake za CallAir hapa miongo kadhaa kabla, mafundi walikuwepo, na ndiyo maana S-2A, Pitts yenye viti viwili, iliundwa hapa kuanzia miaka ya 1970.

Kiti cha pili kilifungua mlango kwa wanafunzi, ila kilileta hesabu ya uzito. S-2A ina nguvu farasi 200. S-2B ikapewa 260, ibebe wawili bila kuchechemea, na S-2C ikaurithi uwezo huo.

Kwenye uwanja wa ndege wa Afton nilimkuta rubani mmoja mzee akiifuta S-2C yake mafuta kwenye tumbo. Nikamwamkia, nikamwambia nimetoka mbali. Hakuuliza wapi. Aliuliza nina kilo ngapi na kama nimekunywa chai. Nikamtajia kilo, chai nikasema bado. Akaingia bandani akatoka na maparachuti mawili, kwa kuwa sheria ya Marekani inataka kila aliyemo alivae ndege ya sarakasi ikibeba abiria, akanielekeza kiti cha mbele. Yeye mwenyewe alikaa nyuma.